Koo la Katekista Menza

Kwa miaka kumi na minne Menza alikuwa katekista. Siku za wiki alifanya kazi ya ukarani bandarini Kilindini, na kila Jumamosi akawafundisha wakatekumeni, watu wanaojiandaa kubatizwa, kwa sauti iliyosikika mpaka nje ya kanisa. Kwaresima ya mwaka 1994 sauti hiyo ikaanza kukwaruza, kisha ikakauka. Daktari akamwambia ana uvimbe kooni. Atapasuliwa Ijumaa, na huenda asiseme tena.

Tangu hapo chakula kilimshinda. Akishika rozari, anakwama kwenye fumbo la kwanza. "Mtolee Mungu mateso yako," ndivyo alivyozoea kuwaambia watu. Alipojiambia mwenyewe, akairudisha rozari mfukoni.

Mkewe, Nyevu, alimsihi apokee mpako wa mafuta wa wagonjwa.

"Huo ni wa wanaokufa," Menza akanong'ona.

"Si wewe uliyetufundisha kwamba sivyo?"

Alhamisi, akiwa amekaa tu akingoja saa zipite, akamkumbuka Auma, mama mwenye hoteli ndogo pale Makadara. Miaka mitatu nyuma Auma alimzika bintiye wa pekee. Menza alimwambia maneno yale yale ya kumtolea Mungu mateso palepale makaburini, tena akamwonya asilie kama wasio na imani. Auma hakukanyaga kanisani tena. Sasa aliona aibu. Akavaa viatu, akatoka.

Alimkuta akikata vitunguu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Auma hakuitikia. "Mwalimu, sauti imekwenda wapi?"

Menza akamweleza kwa shida, neno moja moja. Mwisho akasema, "Nilikukosea. Nilikuhubiria msalaba ambao mimi sijaubeba. Nisamehe."

Mteja mmoja aliagiza chai, asijibiwe.

"Nilikuchukia," Auma akasema. "Nikikuona njiani, navuka ng'ambo. Kama nimekusamehe, sijui. Waogopa?"

"Sana."

"Haya, kaa. Mimi niliogopa hivyo hivyo, na hakuna aliyeniuliza."

Akamvutia kiti. Menza akalia mbele ya wateja, na kwa mara ya kwanza hakujilazimisha kuwa jasiri mbele za Mungu. Hofu haikuondoka. Jioni ile alimwita padre, akapakwa mafuta matakatifu huku meno yakigongana.

Uvimbe ulitolewa, na sauti ikaenda nao. Daktari hakuahidi kitu: arudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Wakatekumeni wakapewa mwalimu mwingine.

Jumapili ya Pasaka Menza alikuwa kwenye benchi lake la mbele, kitambaa shingoni, akiwaza kipimo kijacho. Misa ilikuwa imeanza alipogeuka na kumwona Auma akiingia, akaketi nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kuondoka. Menza akainuka, watu wakimtazama, akatembea mpaka kule nyuma.

Auma akasogea kidogo kumpa nafasi.