Karatasi ya Ukutani ya Jedidah

Prudensia alikuwa juu ya ngazi, kilemba kichwani, akibandika karatasi ya ukutani kwenye sebule ya Jedidah huko Katy, kitongoji cha Houston, Bibi Carmel alipochomoza mkono kutoka ndani ya ukuta akamshikia makasi. Bibi Carmel alikuwa Mmarekani wa glavu na kofia ya unyoya, aliyeishi Houston ikiwa bado na farasi barabarani. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza mjini kupamba nyumba za watu kama kazi, si kama hisani. Kiswahili alikijifunza humo humo ukutani, kwa wateja wa Prudensia.

"Kona hiyo imekaa upande," alisema.

Prudensia aliinyoosha. Alikuwa Mtanzania, akiishi Sharpstown, na kati ya watu wa nyumbani waliohamia Houston yeye ndiye wa kwanza kutamka kwamba upambaji ndiyo kazi yake. Wenzake walisema ana kipaji tu. Kipaji! Kana kwamba kipaji ndicho kinachopanda ngazi na kuumwa magoti.

Sharti alilijua. Wageni wakiiona nyumba na jina la mpambaji lisitajwe, ukuta humchukua. Bibi Carmel alichukuliwa mzima mzima, tajiri mmoja alipojisifu kwamba rangi zote kazichagua mkewe. Prudensia alikuwa akichukuliwa kidogo kidogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa maua matupu ya karatasi tangu alipopamba nyumba moja ya Sugar Land, na miguu yake ilikwisha kuwa mistari ya karatasi. Ukuta ungemchukua mara moja tu zaidi, basi, kwisha habari yake.

"Dada, nakuomba jambo moja," alimwambia Jedidah. "Wageni wakija, sema ni mimi niliyepamba. Waambie ndiyo kazi yangu."

"Aki dada, hilo hata si la kuniomba," Jedidah alisema, akimvuta mkono wa maua. "Wewe ni wetu."

Jumapili watu walitoka kanisani wakaja kubariki nyumba. Everline, nesi mwenzake Jedidah, alipapasa mapazia. "Haki nyumba imeweza! Nani alikufanyia?"

Prudensia alikuwa jikoni akipika chapati, maana kwetu aliye dada haketi na wageni. Aliacha kugeuza, akasikiliza kwa moyo wote.

Jedidah alimtazama kupitia mlangoni. Alimpenda kwa dhati. Lakini kumwita mtu dada, kisha utangaze mbele ya kanisa zima kwamba ulimwajiri, aliona ni kama kumvua nguo. Tunapendana hivyo, mpaka tunaangamizana.

"Ni sisi tu, tulisaidiana na madada," alisema. "Mungu ni mwema."

"Kila wakati!" wageni wakaitikia.

Chapati iliungua. Nderitu, mume wa Jedidah, aliingia jikoni akazima jiko, akaokota kanga ya Prudensia iliyobaki sakafuni, akaikunja.

Everline alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Kati ya maua mlikuwa na wanawake wengi wa kofia, na mmoja wa kilemba.

"Huyu si Prudensia?"

"Ndiye," Jedidah alisema, machozi yakimtoka.

"Maskini. Na mimi nani atanisaidia na sebule yangu?"

"Tutakuja tu, tukusaidie. Hii si kazi, ni kipaji."

Ukutani, Bibi Carmel alisogea kidogo, akampisha Prudensia asimame.