Injini Iliyonusishwa Gesi

...hapo, anausikia mlio, ngo, ngo, kwa mbali, Malimi ameikandamiza ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, mkono wa kushoto uko kwenye koki ya mtungi wa gesi ya kupikia uliounganishwa kwa mpira na injini, na Tereza, mjane wa kaka yake, amesimama mlangoni pa banda lake la kusagia hapa Igoma, unga hadi kwenye nyusi, anamuuliza kwa mara ya pili, shemeji, hii gesi ina faida au haina... na faida ipo, Mungu wangu, ipo, ukiinusisha injini gesi kidogo dizeli inadumu, moshi mweusi unakatika, hata Luhende alicheka siku ile Kayenze boti yake ilipochomoka kwa gesi hiyo, akasema mdogo wangu, ongeza, naye akaongeza, angemnyimaje kaka yake... ngo, ngo, mlio ule ule, siku ile aliusikiliza kwa bisibisi hii hii akasema ni nguvu, hiyo ni nguvu, kumbe pistoni ilikuwa inagongwa nyundo kila mzunguko, ikatoboka katikati ya ziwa, injini kimya, upepo umeshika, mawimbi yakaipiga boti ubavuni... siku ya tatu ndipo walipoupata mwili wa Luhende, na msibani wanaume walipouliza injini ilikuwa na nini yeye akajibu upesi, dizeli, dizeli ilichakachuliwa, wakatikisa vichwa, wakawalaani wauzaji, Tereza akalishika neno hilo, na yeye akalirudia mara nyingi hata akaliamini mwenyewe... kuchakachua, yaani kutia kisichotakiwa ndani ya kitu cha mtu, halafu ukamwambia kiko sawa... na nani alitia? Punguza kidogo, Malimi, robo ya koki tu, mlio utapotea, hatajua, lakini injini hii ndiyo inayowalisha watoto wa Luhende, na robo leo ni nusu kesho, Tereza atataka nguvu zaidi, kila mtu anataka nguvu zaidi, na yeye Malimi hajui kuikatalia nyumba ile ya kaka yake... anaona aibu, aibu tupu, na Tereza amesogea, anapaza sauti juu ya muungurumo, wala hashuku kitu.

"Usiogope, shemeji. Dizeli nimeinunua mwenyewe, haijachakachuliwa."

Ngo, ngo, bisibisi iko sikioni, mkono uko kwenye koki, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Malimi anasema moyoni, ya Luhende pia, shemeji, ya Luhende pia ilikuwa safi...