Ungeniuliza Tu

Rasimu ya kwanza ya insha ya Tansy ya kuombea chuo, Bi Akers aliirudisha huku akicheka. Alikuwa mwalimu mstaafu, na katika bonde lile la Kentucky ndiye aliyewashika mkono vijana walioomba nafasi vyuoni.

"Tansy, binti yangu, umeandika hapa kwamba unapenda haki. Nani kakwambia kuna anayeichukia? Wale wakubwa wa chuo cha sheria wanasoma maelezo kama haya mpaka macho yanawauma. Waonyeshe kidonda. Mficha uchi hazai!"

Tansy akaenda akaandika upya. Tatizo ni kwamba uchi wenyewe haukuwa wake. Aliandika jinsi baba yake, Orbin, alivyotia saini karatasi ya kampuni ya makaa ya mawe baada ya vumbi kumharibu mapafu, akidhani anadai fidia, kumbe anaisamehe kampuni. Orbin hakujua kusoma. Siku hiyo, aliandika, ndipo alipoamua kuwa wakili. Yote yalikuwa kweli tupu, na nje ya nyumba yao hakuna aliyeyajua.

Kanisani Orbin alishika kitabu cha nyimbo kama wenzake. Tangu utotoni Tansy ndiye aliyemfungulia ukurasa, na binti akigeuza karatasi, baba naye aligeuza. Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani, na sauti yake nzito ndiyo iliyobeba viti vya nyuma. Nani angeshuku?

Chuo kikamkubali Tansy, tena kwa ufadhili. Jumapili, kama ilivyo desturi ya kanisa lao, kila nyumba ikaleta chungu chake cha chakula ukumbini kumpongeza. Tansy alikuwa akitafuna mkate wa mahindi Bi Akers alipomwinamia sikioni.

"Niwasomee kidogo ulichoandika?"

Kichwa kilikuwa kimeshamvimba kwa sifa, akaitikia bila kufikiri. Kati ya baba na binti, mjinga wa siku hiyo hakuwa yule asiyejua kusoma.

Bi Akers akachagua palepale penye kidonda. "'Baba yangu hajui kusoma,'" akaanza, kwa sauti yake ya darasani. Vijiko vikatulia. Orbin akabaki ameinamia sahani yake ya maharage, masikio yamemwiva. Bi Akers alipomaliza, watu wakapiga makofi, wengine wakifuta machozi. Wangecheka, Tansy angepata wa kugombana naye.

Garini Orbin alikohoa kwanza, mpaka kifua kikatulia.

"Hiyo ndiyo iliyokuingiza chuoni?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe. Nilijua wataisoma watu wa mbali tu, wasiokujua."

"Basi imefanya kazi yake." Akaendesha hadi darajani. "Ungeniuliza tu, mwanangu. Ningekupa."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Tansy alilia njia nzima, na machozi hayakumfaa kitu. Majuto ni mjukuu.

Jumapili iliyofuata, mzee Hobert aliyekaa mbele yao aligeuka, kwa wema wake wote, akamfungulia Orbin kitabu na kumwekea kidole kwenye mstari wa kwanza. "Ni hapa, ndugu yangu."

"Ahsante, Hobert," Orbin akasema.

Kisha akakifunga na kukiweka pembeni. Tansy akamsogezea chake, kama siku zote, lakini baba hakukitazama. Wimbo ulikuwa ule aliomwimbia Tansy alipokuwa mchanga. Ukaanza, ukaisha, na viti vya nyuma viliimba bila yeye.