Nyundo Siku ya Kilio

Hakuna aliyemwona akipanda kilima. Malachie aliinua tu macho kutoka kwenye beseni la maji, alimokuwa akitafuta tundu la mpira, akamkuta mwanamke amesimama mbele ya kibanda chake, matope hadi magotini, ameishika baiskeli kama mtu anavyomshika mlevi asianguke. Gurudumu la mbele lilitazama kando, kama lililokasirika. Mwanamke hakusalimu. Aliuliza kama hapa ndipo kwa fundi wa kinga, yaani baiskeli, kama fundi mwenyewe ni yeye, na kama anaweza kuanza sasa hivi.

Sadrack alicheka. Alikuwa amekaa kwenye gogo akingojea mpira wake uzibwe. Sadrack ndiye aliyewaongoza wanaume waliosukuma baiskeli zilizolemewa na chumvi na sabuni kutoka Butembo hadi Beni na Mangina, wakarudi na mafuta ya mawese, na kati ya viungo vyake vyote ulimi ndio pekee usiochoka kamwe. Huku kwetu wanawake hubeba mizigo ya kila aina mgongoni, lakini baiskeli huwaachia wanaume.

"Ona sasa," akasema. "Vita inatuletea hata ba mama ba kuendesha kinga. Mama, hii kinga uliiba kwa nani?"

"Ni ya baba yangu. Alisukuma mafuta mu hii barabara wakati wewe ulikuwa ungali ku mugongo ya mama yako. Acha fundi aangalie."

Sadrack akasogea kwenye gogo kumpisha. Malachie aliinamia beseni ili tabasamu lake lisionekane.

Jina la mwanamke lilikuwa Kavuo, naye alitoka Mangina. Huo ulikuwa mwisho wa mwaka 2002, na watu walikuwa wakimiminika kutoka pande za Mambasa, wakipita Mangina na magodoro kichwani na habari ambazo hawakutaka kuzisimulia mbele ya watoto. Mangina nayo ilianza kufunga mizigo. Baba yake, mzee Siméon, aliwahi kuangukiwa na baiskeli yenye mzigo, mguu ukaungwa vibaya, na tangu hapo hakuweza kutembea zaidi ya ua wa nyumba yake. Baiskeli ilikuwa moja, watoto wa Kavuo wawili. Mzee mwenyewe ndiye aliyewafunga watoto kwenye kareya, kibebeo cha nyuma cha baiskeli, akamwambia binti yake awapeleke kwanza kwa shangazi yao huku Vulamba, mtaa wetu wa kilimani juu ya Butembo, kisha arudi kumchukua. Yeye atamngojea kwenye baraza la kanisa. Watoto walifika salama. Ila kwenye mteremko wa mwisho gurudumu liliingia shimoni, na furshi, ule uma wa chuma unaolishika gurudumu la mbele, ukapinda.

"Anangojea kinga," Kavuo akasema. "Hapana mimi. Aliniambia, mwanangu, usirudi bila hiyo, tutakufa wawili."

Malachie alipitisha kidole kwenye chuma, polepole, akitafuta ufa. Haukuwapo. Chuma kilichopinda bila kupasuka huweza kuwekwa motoni, kikapigwa, kikanyooka. Alimtazama Sadrack, na Sadrack, bila mzaha sasa, akasema kundi lake linaondoka kesho alfajiri, na mama huyu anaweza kwenda nao. Siku zile hakuna mwenye akili aliyepita njia ya Beni peke yake.

"Mbele ba Sadrack baondoke, kinga yako itakuwa inasimama," Malachie akamwambia Kavuo. "Ni neno yangu."

Alilisema kwa wepesi. Siku nyingine lingekuwa jepesi kweli.

Vulamba ilikuwa ikikua kuliko mtu alivyoweza kuifuata kwa macho. Ukilala leo ukiona mikaratusi kilimani, baada ya wiki chache unakuta mbao za mikaratusi hiyohiyo zimekuwa nyumba, na mbele ya nyumba mwanamke usiyemjua anatwanga sombe, majani ya muhogo. Watu walikuja na vita mgongoni, na karibu kila familia ilikuja na baiskeli, kwa kuwa ndiyo iliyobeba bibi, magunia na kuku. Sasa baiskeli hizohizo zilipandisha maji, unga na makaa. Lakini mpira ukipasuka, ilibidi kushuka hadi mjini, upite kizuizi cha askari, na majuma hayo askari walikuwa wakikamata baiskeli na mwenye baiskeli pamoja, wabebe mizigo yao hadi wasikojulikana. Kwa hiyo ndani ya nyumba nyingi za Vulamba kulikuwa na baiskeli iliyoegemezwa ukutani, imekufa kwa tundu dogo kuliko punje ya mtama.

Papa Salomon ndiye aliyeliona hilo. Alikuwa na kiwanja kando ya barabara, na siku moja alimwita Malachie, kijana aliyekuwa akizunguka na vyuma vyake ndani ya kiroba, akamwonyesha kona. Alisema kartie hii, mtaa huu, imeshajenga kanisa mbili na buvette nne za pombe, je, nani atatengeneza kinga zenye kupandisha unga wa waumini na walevi? Hakuandika chochote. Alimsaidia kuzika kipande cha ekseli ya lori ardhini kiwe fuawe yake ya kugongea chuma, akakigonga mara moja kwa nyundo, akasikiliza mlio wake akiwa amefumba macho, akasema sasa Vulamba ina moyo. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, alitoka na kiti chake kukaa karibu na mlio ule.

Lakini majuma haya papa Salomon hakutoka. Kifua kilimbana. Usiku uliopita alikohoa hadi majirani wakaacha kulala, na asubuhi mkewe, mama Godelive, alikuja kibandani kumwambia Malachie kwamba mzee ameshikwa na usingizi mwishowe, asante Mungu.

Ndiyo maana Malachie hakuanza na nyundo. Alifikiri: mzee alale kidogo. Kazi zisizo na kelele zilikuwa nyingi. Alifungua gurudumu, akabadilisha spoki zilizokatika, akazikaza moja moja huku akilizungusha mbele ya jicho lake, akaziba mpira, akapaka mafuta mnyororo. Sadrack alichukua baiskeli yake akaenda. Mawingu yalijikusanya juu ya kilima kisha yakatawanyika bila kunyesha. Mara kwa mara Malachie alitazama dirisha la papa Salomon, akakisikiliza kimya chake kwa furaha, akasema moyoni: akiamka tu, nitawasha makaa.

Saa ya watoto kurudi kutoka shuleni, sauti ya mama Godelive ilitoka ndani ya nyumba, ndefu, na wanawake wa nyumba jirani wakaipokea.

Malachie alibaki amesimama na furshi mkononi. Ilimchukua muda kuelewa kwamba papa Salomon amekufa, na kwamba kimya alichokuwa akikilinda tangu asubuhi hakikuwa chote cha usingizi.

Huku kwetu, maiti akiwa bado ndani, kazi hulala naye. Jembe halitoki, mchi hautwangi, na zaidi ya yote chuma hakilii, kwa sababu kugonga chuma karibu na maiti ni kumfukuza kabla hajaagwa. Mazishi yalipangwa kesho mchana, ili binti ya marehemu afike kutoka Lubero. Kufikia saa hiyo Sadrack na watu wake wangekuwa mbali.

Kavuo alikuja jioni ikikaribia, akasikia kilio kabla hajafika. Alikaa chini kando ya barabara, akaifunga kanga yake vizuri, akatazama upande wa Beni. Angeomba, Malachie angepata la kujibu. Lakini Kavuo aliijua desturi kama Malachie, kwa hiyo alikaa tu.

Malachie alizunguka kibanda. Akapanga spana zake, akazipangua, akazipanga tena. Sadrack, aliyekuja kutoa pole, alimvuta kando akamnong'oneza abebe furshi hadi bondeni, ng'ambo ya mto, apige huko, nani atajua? Malachie akasema fuawe imezikwa hapa, na hata ingeng'oka, sauti huvuka bonde, kila mtu angejua ni nyundo ya nani.

"Mais angalau utakuwa umejificha," Sadrack akasema.

"Nijifiche papa Salomon? Mutu alinipa pahali, na mimi nimuibie siku ya kifo yake?"

Akanawa mikono, akaingia kwenye kilio.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi uani, na Ananie, mwana mkubwa wa marehemu, alikuwa katikati yao, macho mekundu. Kupitia mlango uliokuwa wazi Malachie alimwona mama Godelive mkekani, mkono wake juu ya blanketi lililomfunika mumewe. Alichuchumaa mbele ya Ananie akaeleza kwa sauti ya chini: mwanamke, mzee mwenye mguu mbovu, baraza la kanisa Mangina, kundi la alfajiri. Alisema ni kazi ya muda mfupi. Alisema aliahidi kabla ya msiba.

Wanaume wote wakageuka kumtazama.

"Malachie," Ananie akasema, "baba hajapoa. Mu kartie yote, wewe ndiye ungekatazia bengine."

"Najua, yaya," Malachie akasema, akimwita kama kaka yake mkubwa.

"Donc, basi, hauniombi. Unaniambia."

Malachie akainamisha kichwa kukubali. Ananie akapangusa uso kwa kiganja. "Piga basi. Mais kesho nisikute mbao zako mu hii parseli, kiwanja ya baba. Na usiseme ni mimi nilikufukuza."

"Kesho hautazikuta," Malachie akasema. Alitazama tena mlangoni, akitumaini ishara ya ruhusa kutoka kwa mjane. Mama Godelive hakuinua macho.

Aliwasha makaa kabla giza halijaingia, mbele ya kila mtu. Chuma kilipoanza kuwa chekundu alikitoa, akakilaza juu ya ekseli, na kwa mara ya kwanza maishani mkono wake uliiogopa nyundo. Siku zote yeye hunyoosha chuma kwa mapigo mengi mepesi, kama anayekibembeleza. Leo alitaka mapigo machache, kila moja lihesabike, ingawa pigo zito kwenye chuma kizee huweza kukipasua, na hapo angekuwa amepoteza vyote viwili, furshi na kibanda.

Pigo la kwanza liliruka kilima kizima. Ndani ya nyumba kilio kilikatika ghafla. Jirani aliyekuwa akipita na ndoo alisimama, akatema mate, akasema utu umeisha Vulamba. Malachie alikigeuza chuma, akapima kwa uzi, akapiga tena. Ndipo wanawake waliokuwa ndani wakaanza wimbo wa Mungu, kwa sauti ya juu kuliko ya kilio, na Malachie hakujua kama walikuwa wanaifunika nyundo yake au wanamkemea. Alilia huku akipiga. Machozi yalidondoka juu ya chuma yakatoa mlio mdogo wa mvuke. Kati ya pigo na pigo alimwomba papa Salomon msamaha kwa jina, kama anayeongea na mtu aliyekaa kwenye kiti pembeni.

Furshi haikupasuka. Uzi uliponyooka sawasawa upande huu na upande ule, aliweka nyundo chini, akafunga vyuma viwili vya nondo kuizidishia nguvu, akaviviringishia vipande vya mpira mzee. Kisha akaanza kung'oa mbao, kwa mikono na kwa nguvu, bila nyundo, misumari ikimchana vidole.

Alfajiri Kavuo alifika akakuta baiskeli imesimama peke yake mahali palipokuwa na kibanda. Mbao zilikuwa zimefungwa kamba, zimelazwa nje ya mpaka wa kiwanja, kwenye nyasi za barabara. Ekseli Malachie aliiacha ardhini. Hakujiona ana haki ya kuing'oa.

"Kibanda iko wapi?" Kavuo akauliza.

"Angalia kinga kwanza."

Aliushika usukani, akaisukuma baiskeli mbele, akaigeuza, akaiachia kidogo aone inakwenda wapi. Ilikwenda mbele. Akatazama mbao, akatazama vidole vya Malachie vilivyofungwa kitambaa.

"Wasingya," akamshukuru kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya mtu anayejua neno ni dogo.

Kundi la Sadrack lilitokea kwenye ukungu, baiskeli zimeshiba mizigo hadi wanaume hawakuonekana nyuma yake. Sadrack alisimama mbele ya pengo.

"Tukirudi na mipira ya kupasuka," akauliza, "tutakutafuta wapi?"

"Vulamba. Mutauliza, mutaonyeshwa."

"Na leo?"

"Leo naenda kuchimba kaburi, kama batanikubali."

Sadrack akatikisa kichwa, akawapigia wenzake mluzi. Malachie alisukuma baiskeli ya Kavuo pamoja naye hadi barabara ilipopata usawa, kwa kuwa pale mwanzo palikuwa na matope, na alikuwa amesema itasimama kabla hawajaondoka, akataka kuhakikisha kwamba itasimama hata pabaya. Hapo akaiachia. Kavuo akapanda. Wanaume walimpa nafasi katikati yao, wakaenda. Kwenye kareya alikuwa amefunga blanketi lililokunjwa vizuri, pahali pa mzee kukalia.