Tela la Fundi wa Majeneza

Skrubu ya mwisho ilipozama mlangoni, fundi aliipapasa kwa kidole gumba kuhakikisha haijachomoza. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa ametengeneza majeneza ya hospitali, yale ya maiti wasio na wenyewe, na skrubu iliyochomoza ilikuwa aibu kwake hata kama hakuna aliyekuja kuitazama.

Sasa alikuwa akiunda tela la kulala. Lilikuja kwenye makasha mawili, vipande vimekatwa tayari na kupigwa namba, pamoja na kijitabu cha picha. Chini magurudumu mawili, juu plaiwudi iliyopindwa ikateremka nyuma kama tone la maji, darini tundu la hewa, ndani godoro la watu wawili basi. Wenye nafasi zao huvuta kitu kama hicho wakaenda kupunga upepo. Yeye na mkewe walitaka kukaa humo. Hospitali ilikuwa imempunguza kazini, nyumba ilikuwa ya kazi, na barua ilisema wawe wametoka Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano. Shemeji yake alikubali kuwapa kipembe nyuma ya gereji yake, ila alitaka kwanza kibali cha manispaa, naye mkaguzi alisema angepita asubuhi hiyo.

"Uliponioa uliniahidi vyumba vitatu," mkewe alisema, akiwa amesimama uani na shuka mkononi.

"Hicho ni cha kwanza."

Mkewe alicheka, akainama, akaingia kutandika godoro. Mlango ukarudi wenyewe nyuma yake, kitasa kikalia tiki. Fundi akazunguka upande wa nyuma kupiga msasa ukingoni.

Baada ya muda kitu kiligonga. Mara moja, kisha mara tatu. Fundi aliendelea na msasa. Kwenye karakana ya hospitali mbao ziligonga hivyo kila siku, ndani ya majeneza matupu yaliyofungwa na kupangwa ukutani. Siku yake ya kwanza kazini msimamizi alimwambia ni mbao zinakauka, asiitikie, maana anayezoea kuitikia hadumu. Hakuitikia, akadumu. Sasa akasikia tena kugonga, kwa sauti ya chini zaidi, halafu kimya.

Kile kimya ndicho kilichomshtua. Mbao hazichoki.

Alikimbia akafungua. Mkewe alikuwa amelala chali, macho wazi, mikono kifuani, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na pengine pa kuiweka. Shuka lilitandikwa vizuri kabisa. Alitoka polepole, akashika ukuta wa nyumba.

"Nimekugongea," alisema. "Nilikuwa nausikia msasa wako. Unakwenda, unarudi."

"Nilidhani mbao zinakauka."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Fundi hakuweza kuyahimili macho yale. Aligeukia mlango, akaona alichokifanya: mkono wa kitasa wa ndani ulikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni, chini ya benchi, pamoja na vitu alivyodhani ni vya ziada. Alikuwa amefunga wa nje tu. Katika maisha yake hakuwahi kumfanyia kazi mtu aliyehitaji kufungua kwa ndani.

Alikuwa ameinama kuuchukua mfuko mkaguzi alipobisha hodi, akaingia bila kusubiri karibu. Alivaa viatu vilivyong'aa, faili kwapani. Fundi akaanza kumweleza kuhusu mlango.

"Mzee, utajibu ukiulizwa," mkaguzi alisema.

Mkaguzi alilizunguka tela mara mbili, akaligonga ubavuni kwa kalamu. Alisema kama ni nyumba, yataka ramani na kiwanja. Kama ni tela, litapata kibali, lakini la mizigo, na mtu haruhusiwi kulala ndani. Godoro litoke. Likikutwa, watalivuta tela zima.

"Sasa sisi tulale wapi?" mke aliuliza.

Mkaguzi aliipitia fomu yake, mbele na nyuma, kama vile kweli anatafuta. "Hilo halimo," alisema. "Mimi naandika la mizigo. Kisheria humu hakuna mtu."

Akaandika. Kisha akaweka faili juu ya benchi, akavuta futi yake ya chuma, akaingia kupima, viatu juu ya shuka. Mlango ukarudi. Tiki.

Kwanza walisikia futi ikivutwa na kurudi. Halafu kitasa kikipapaswa pasipo na kitu. Kisha akagonga, kwa adabu, kama mtu anayejua atafunguliwa.

Fundi alinyoosha mkono. Mkewe akaushika. Kiganja chake kilikuwa cha baridi, kama hakikutoka mle pamoja naye.

Mkaguzi akagonga tena, kwa nguvu. Sauti yake ilitoka mbali, kama kutoka chumba cha tatu. "Jamani. Kuna mtu humu."

"Mbao zinakauka," mke alisema.

Akaokota msasa chini, akamkabidhi mumewe. Fundi alimtazama, akatazama mlango. Kisha akazunguka nyuma, akaanza kupiga msasa, kwenda na kurudi.