Dhamana ya Ochan

Askari aliingia uani kwa Kaltumi, Nakawa, Kampala, saa nane mchana bila kubisha hodi. Kaltumi alikuwa akianika jezi za timu ya taifa, na uso ule hakuwahi kuuona.

"Wewe ndiye uliyemdhamini Ochan?"

"Ndimi, afande."

"Timu imerudi jana kutoka Nairobi. Yeye hakurudi. Nimetumwa nikae hapa mpaka saa kumi na mbili. Akija, nitakwenda naye ofisini akaripoti. Asipokuja, nitakwenda nawe."

Kaltumi alijua siku hiyo ingeweza kuja. Tangu mchezaji mmoja atorokee ng'ambo mwaka uliopita, 1975, kila aliyesafiri na timu alitakiwa kuacha mdhamini nyumbani. Ndugu za Ochan walikuwa wamekufa au kukimbia nchi. Kwa hiyo Kaltumi, mfuaji wa jezi kwa miaka kumi na mmoja, alichovya kidole gumba kwenye wino na kukibandika kwenye karatasi. "Nikichelewa, Mama, haitazidi siku moja," Ochan alimwambia.

Alimpa askari kiti na chai ya tangawizi.

"Unaitwa nani?"

"Marjan. Babu yangu ni wa Bombo."

"Basi mwenzetu, hata kwetu ni Bombo. Kunywa, usikitazame kikombe kana kwamba nimetia sumu."

Marjan akacheka, akavua kofia. Macho yake yalikuwa kwenye jezi namba tisa.

"Nilimwona akifunga lile goli la Khartoum, la kichwa. Wenyeji wenyewe walisimama wakapiga makofi."

"Ulikuwa Khartoum?"

"Nilimwona kwa redio."

"Kwa redio!"

"Mama, Ochan huonekana vizuri zaidi redioni. Lusaka alifunga mawili, nikavunja kiti cha watu. Mechi arobaini na nane za taifa! Nani mwingine tunaye?" Akashusha sauti. "Lakini harudi huyo. Wabelgiji wanamtaka akachezee klabu yao. Ningekuwa yeye, nisingerudi."

"Wewe si yeye."

Saa kumi na moja ilipopita, Marjan alianza kutembea ukutani hadi langoni, langoni hadi ukutani.

"Mama, nataka kwenda kununua sigara. Duka liko mbali. Nikirudi nikukose, nitasema sikukukuta."

"Watakufanya nini wewe?"

Marjan akaigeuzageuza kofia yake.

"Kaa chini, mwanangu. Na Ochan akija akute mlango umefungwa, atajuaje kama niko hai?"

Aliingia ndani, akatia khanga mbili na tasbihi kwenye mfuko. Alipotoka alianza kukunja jezi. "Hizi utazipeleka uwanjani. Ile ya golikipa bado mbichi, usiikunje."

Hapo lango likalia. Ochan aliingia akichechemea, vumbi la barabara ya Busia mpaka kwenye nyusi.

Kaltumi alimchapa begani kwa jezi mbichi ya golikipa, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akamshika asimwachie. "Mjinga wewe! Mjinga!"

"Basi lilizuiwa mpakani tangu asubuhi, Mama. Nimepanda lori la chumvi."

"Na Wabelgiji?" aliuliza Marjan.

"Niliwaomba wiki moja tu nije nimtoe mdhamini wangu kwenye karatasi. Wakasema ndege ni ya jana usiku, la sivyo nisahau."

"Ukasema nini?"

"Nikauliza basi la Kampala linaondoka saa ngapi."

Marjan aliangalia saa. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Alivuta pumzi ndefu, akaliandika jina la Ochan kwenye daftari lake, na pembeni yake: amerudi mwenyewe.

Ofisini walimweka Ochan saa moja, wakamfokea, wakamnyang'anya pasipoti, wakaichana ile karatasi ya dhamana. Hakuna aliyemgusa, kwa kuwa Marjan alisimama mlangoni muda wote. Hakuitwa tena timuni; mechi zake za taifa zilibaki arobaini na nane, na hakuvuka mpaka tena hadi serikali ya wakati ule ilipoanguka.

Usiku ule Ochan alilala sebuleni kwa Kaltumi. Asubuhi majirani walikuja kumwona, Kaltumi akawazuia langoni kidole mdomoni. Alilala mpaka adhuhuri, viatu bado miguuni, na Kaltumi akafua taratibu ili maji yasipige kelele.