Farsere wa Robine Mpya

Jumanne, tarehe 10 Oktoba 2023. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, ila mawingu yaling'ang'ania milimani na matope ya mtaa wa Rugenge yalinasa kandambili za kila mtu. Mama Léocadie alikuwa amekwisha kusali, akavaa koti la marehemu mumewe na kujichora ndevu kwa masizi ya sufuria. Kuigiza mume mlevi ndiyo kazi yake. Mtaa mzima humwita Farsere, yaani mchekeshaji.

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, alimwita aje kuchekesha watu kwenye ufunguzi wa robine mpya, bomba la maji la mtaa. Alikubali mara moja. Mjukuu wake Irakoze alikuwa ametoka juzi tu kwenye kituo cha kipindupindu, amekonda kama kijiti, na nyumbani bado walikunywa maji ya ziwa.

Watu walipanga mabidon, madumu yao ya maji, tangu alfajiri. Mgeni mkubwa wa kuifungua robine na kupigwa picha alikuwa bado hajafika. Mama akaanguka matopeni kilevi, akainuka, akakumbatia bidon moja na kuilalamikia kana kwamba ni mkewe.

— Bibi yangu, mbona uko mutupu kama kichwa yangu?

Watu walishika mbavu. Kila alipotaka kupumzika, shefu alimpungia mkono aendelee.

Jua lilipopanda, jirani yake Noella alimvuta kando. Alikuwa amezunguka nyuma ya ukuta na kuona bomba linaishia kwenye tangi, lililojazwa na lori jana yake. Mtaro wa kuleta maji haukuchimbwa popote.

Mama alimwendea shefu, akamwuliza kwa adabu kama ni kweli.

— Mama, weye uko farsere. Chekesha tu. Picha zikiisha, mambo ya mayi tutaona.

Neno lile lilimchoma. Kwenye shule ya jioni aliyosoma, mwalimu aliwahi kuwaeleza linakotoka: kwa Wafaransa wa zamani, «farce» ni vile vinavyoshindiliwa ndani ya kuku kabla ya kuokwa. Baadaye ukaitwa hivyo mchezo wa kuchekesha uliochomekwa katikati ya maigizo ya dini, watu wasichoke wakaondoka. Siku ile Mama alimshukuru Mungu kwamba kazi yake ilianzia karibu na kanisa. Leo alijiona yumo tumboni mwa kuku, ameshindiliwa mahali maji yalipokosekana.

Magari ya mgeni yakasikika yakija. Mama alivua koti, akafuta masizi kwa kiganja, akapanda kwenye saruji ya robine. Watu wakaanza kucheka. Aliinua mkono mpaka wa mwisho akaacha kucheka.

— Haiko mchezo. Hii robine iko inakunywa mu tangi, kesho itakauka. Minye Léocadie ninaahidi mbele yenu: siku mayi ya kweli itafika hapa, nitawachekesha bure mpaka mulie. Kabla ya ile siku, hakuna mukubwa atanitumia tena kuwangojesha. Mungu amesikia, na ninyi mumesikia.